Motokaa ya Kale na Uvivu wa Wenyewe

Yuko mtu mmoja ambaye bila shaka unamjua, kwa kuwa hakuna mji katika nchi yetu usio na mfano wake. Mtu huyu ana motokaa ya kale nyuma ya nyumba yake: Peugeot 404, au Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, au Land Rover ambayo baba yake aliinunua siku ambazo Uhuru wetu ulikuwa bado mchanga. Kila Jumapili huitoa vumbi, huipaka nta na kuisugua kwa kitambaa laini mpaka auone uso wake ndani ya rangi. Wapita njia husimama wakaitazama, na watoto huomba wapigwe picha kando yake. Muulize mtu huyo ni lini alibadili mafuta ya breki, naye atakukodolea macho kama uliyemtaka ataje siku aliyozaliwa babu wa babu yake. Kisha atakujibu kwa fahari: "Gari langu halina ubaya wowote. Gari linalotembea haliguswi."

Insha hii ni ya kumpinga mtu huyo. Simpingi kwa kuwa anapenda vitu vya kale, maana mimi pia navipenda, na mwenye kutunza kazi nzuri ya mikono ya watu waliotangulia anastahili heshima. Nampinga kwa sababu mapenzi yake ni ya macho tu, hayafiki chini ya gari. Tena nampinga kwa kuwa usemi wake huo umeenea, na vijana wanaurithi pamoja na funguo. Asemaye kwamba gari linalotembea haliguswi hana budi kungoja lisitembee ndipo aliguse. Na yako mahali ambapo gari likikataa kutii hakuna tena nafasi ya kuliguza chochote.

Tufahamiane kwanza juu ya tofauti ya gari la kale na gari la siku hizi. Gari la siku hizi lina ubongo wa umeme. Likipungukiwa na oili huwasha taa, breki zikilika huwasha taa, na mengine hufika hata kumwandikia mwenyewe kwamba siku ya matengenezo imekaribia. Gari la kale halisemi, au husema kwa mlio mdogo ambao sikio la mvivu halitaki kuusikia. Walioliunda walitegemea kwamba mwenyewe atainama. Walimwekea vichuchu vidogo vya kutilia grisi katika maungo ya magurudumu ya mbele, wakitumaini kwamba atavitafuta kila baada ya safari za kiasi fulani. Walimwekea kijiti cha kupimia oili. Volkswagen ile niliyoitaja hubeba oili ya lita 2 na nusu tu. Haina chujio la karatasi bali wavu wa waya, wala haina rejeta, hata ikawa oili hiyo haba ndiyo ilainishayo vyuma na ndiyo isaidiayo kuvipoza. Mwenye gari la namna hiyo akiacha oili ikageuka uji mweusi, hana wa kumlaumu.

Sasa tazama majira ya nchi yetu. Hatuna theluji, na kwa ajili hiyo wengi husema kwamba matengenezo ya msimu ni jambo la Wazungu. Wamefungua kitabu cha mwongozo kilichoandikwa Uingereza au Ufaransa, wakasoma habari za kuliandaa gari kwa baridi kali, wakakifunga wakicheka. Laiti wangefikiri kidogo! Sisi nasi tuna majira yetu, tena hayana siri. Januari na Februari ni vumbi. Machi mpaka Mei ni mvua ndefu. Juni mpaka Agosti ni baridi na mawingu katika nyanda za juu, na kuanzia Oktoba zaja mvua za vuli. Mtu anayeijua kalenda hii ya kupanda mahindi, akapalilia kwa wakati na kuezua paa bovu kabla ya wingu la kwanza, mbona hudai kwamba gari lake limeharibika kwa ghafla?

Vumbi lina hila. Magari mengi ya zamani huvuta hewa kupitia chujio lenye bakuli la oili chini yake. Vumbi huanguka katika bakuli, likanaswa, likatulia. Basi ndani ya miezi miwili ya kiangazi, hasa kwa gari lipitalo njia za udongo, bakuli hujaa tope zito, na vumbi linalofuata halinaswi tena bali hupita moja kwa moja mpaka kwenye silinda na kuzisaga kama msasa. Kulisafisha bakuli hilo ni kazi isiyozidi nusu saa: kulifungua, kumwaga tope, kuosha kwa mafuta ya taa, na kutia oili safi mpaka alama. Nimewaona watu wazima, wenye elimu yao, waliokaa na gari miaka kumi pasipo kujua kwamba bakuli hilo lipo.

Mvua nayo hutafuta palipopasuka. Nyaya za plagi zilizokauka hupitisha unyevu. Zile pointi ndani ya distribyuta, ambazo katika Volkswagen hutakiwa ziachane kwa nafasi ya milimita 0.4 tu, zikiwa zimechakaa hutoa cheche dhaifu. Na gari lililowaka vyema siku zote za jua huzimika katikati ya dimbwi. Mvua ya kwanza ikinyesha Nairobi, hesabu boneti zilizoinuliwa kando ya njia. Raba za waipa zimekauka zikawa ngumu kama ukucha. Tairi zina kashata nzuri bado, lakini zimezeeka. Maana raba huzeeka hata kama haitembei. Ukitaka kujua umri wa tairi, piga magoti usome ubavuni pake: tangu mwaka 2000 tairi huandikwa tarakimu nne, mbili za kwanza zikiwa juma na mbili za mwisho mwaka. Iliyoandikwa 3518 ilitengenezwa juma la 35 la mwaka 2018. Iliyo na tarakimu tatu tu ni ya karne iliyopita, na anayeendelea kuiendea safari amechoka na maisha yake.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Sitalisema kwa haraka.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa maji. Huyanywa kutoka hewani, polepole, kupitia mipira na kifuniko cha chupa yake, gari liwe linatembea au limelala. Mafuta ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hutakiwa yasichemke kabla ya joto kufika nyuzi 205 za Selsiasi. Yakisha kunywa maji asilimia 3 na kitu, kiwango chake hushuka mpaka nyuzi 140. Kwenye barabara tambarare dereva hatahisi tofauti yoyote, na hapo ndipo wenye kusema "linatembea" hupata ushahidi wao. Lakini mpeleke dereva huyo kwenye mteremko mrefu, naye akanyage breki mfululizo badala ya kuteremka kwa gia. Magurudumu hupata moto, moto huingia katika mafuta, na yale maji yaliyofichwa humo huwa mvuke. Mafuta hayashindiliki, lakini mvuke hushindilika. Dereva hukanyaga, na mguu wake huenda mpaka sakafuni kama aliyekanyaga godoro.

Mbaya zaidi, magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Magari yaliyofuata yaligawiwa njia mbili, ili moja ikipasuka ya pili ibaki. Lile la kale halina ya pili. Mpira mmoja wa shilingi chache ukivuja, magurudumu yote manne hupoteza breki kwa pamoja. Tuseme basi kwamba gari hilo ni bovu, lisiruhusiwe njiani? La hasha. Limekwenda miaka zaidi ya hamsini. Lakini liliundwa kwa mtu anayekagua, na mtu asiyekagua amechukua kitu kisichokuwa chake.

Nayajua haya kwa njia nisiyoipenda. Mwezi wa Aprili mwaka 1994, nilipokuwa kidato cha pili, mjomba wangu alitupakia katika Peugeot 404 yake iliyong'aa kuliko gari lolote pale kwetu, tukaenda harusini Narok. Tulikuwa watu watano. Gari lilikuwa limekaa chini ya mwembe wa jirani tangu Krismasi, likitolewa Jumapili tu kwa kuoshwa. Tulishika ile njia ya zamani iteremkayo Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, njia iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ambayo karibu na mwisho wake wamejenga kanisa dogo la mawe mwaka 1942. Mvua ilikuwa imenyesha. Mbele yetu palikuwa na lori, na mjomba alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga. Mara nilimwona akikanyaga mara tatu kwa haraka, asiseme neno. Upande wa kushoto palikuwa na bonde, na chini kabisa vibanda vidogo kama viberiti. Mjomba alivuta breki ya mkono, akaligeuza gari kuelekea ukingo wa mlima upande wa pili, na kwa rehema ya Mungu hapakuwa na gari lililopanda wakati ule. Tuligonga udongo. Mkazamjomba, aliyekuwa mbele, alivunjika mkono wa kulia mahali pawili, na mkono huo haujanyooka mpaka leo.

Jamaa walipokuja hospitali walisema ni bahati mbaya. Wengine walisema mahali pale pana mashetani. Mchungaji mmoja alisema ni mapenzi ya Mungu. Fundi aliyelivuta gari alifungua chupa ya mafuta ya breki, akachovya kidole, akatuonyesha: yalikuwa ya rangi ya kahawa. Akauliza yalibadilishwa lini. Mjomba hakujibu. Tangu siku hiyo nimechukia neno "bahati" linapotajwa karibu na gari, maana mafuta yale yalichukua miaka kuharibika, na katika miaka hiyo yote mjomba alikuwa na Jumapili zaidi ya mia mbili, na zote alizitumia kupaka nta.

Wako wanaojitetea kwa namna nyingine: "Langu halitembei, basi halichakai." Hawa ni hatari kuliko wa kwanza, kwa kuwa hoja yao ina sura ya busara. Viatu visivyovaliwa havichakai, ni kweli. Lakini gari si kiatu. Petroli ikilala miezi mingi hugeuka kuwa kama utomvu, ikaziba vijitundu vya kabureta. Betri hujimaliza yenyewe. Vipande vya breki hushikana na ngoma zake kwa kutu. Tairi hupata bapa upande ulioelemewa. Oili iliyokwisha kutumika ina asidi na unyevu ndani yake, nayo hukaa ikiila injini usiku na mchana. Ndiyo sababu mwenye kulilaza gari hubadili oili kabla ya kulilaza, wala si baada ya kuliamsha. Na huko Mombasa, Malindi na Lamu, chumvi ya hewa haingoji safari. Gari lililofunikwa kwa turubai la plastiki kando ya bahari linapikwa ndani ya mvuke wake mwenyewe.

Tena kuna mabadiliko ambayo wengi hawakuyaona yakipita. Injini nyingi za zamani ziliundwa kwa petroli yenye risasi, na risasi ile iliyadhuru mapafu ya watu na akili za watoto, lakini kwa upande wa injini ilivikinga vikalio vya valvu. Kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa zimeiacha petroli hiyo, na mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari. Twashukuru kwa hayo. Lakini injini ya kale isiyowekewa vikalio vigumu huweza kuliwa polepole pale valvu inapokaa, nafasi ya valvu ikapungua mpaka ikakwisha, na valvu ikaungua. Dawa yake ni kupima nafasi hiyo mara kwa mara kuliko kitabu kinavyosema, maana kitabu kiliandikwa kwa petroli ya zamani. Mwenye nta hajui habari hii. Atakapopungukiwa na nguvu mlimani atasema kwamba petroli ya siku hizi imechakachuliwa.

Na maji ya rejeta? "Hapa hapagandi," husema, kisha hujaza maji ya kisima. Ni kweli kwamba Nairobi maji hayagandi ndani ya rejeta. Lakini dawa ile inayotiwa katika maji hufanya kazi mbili zaidi: huyazuia yasichemke upesi, na huvikinga vyuma visishike kutu. Maji ya kisima chenye chumvichumvi huacha ukoko ndani ya vijia vyembamba, kama ule uonekanao ndani ya birika la chai, na rejeta yenye ukoko haipozi. Anayepanda kutoka Voi kwenda Mtito Andei adhuhuri atayajua hayo bila kufundishwa.

Mtu atauliza, je, desturi hii ya kukarabati kwa majira si ngeni kwetu? Nenda pwani ukawaulize mabaharia. Kabla ya motokaa ya kwanza kuonekana katika nchi hii, manahodha wa Lamu walikuwa wakivipandisha vyombo ufukoni upepo wa kusi ulipokuwa mkali na bahari haisafiriki. Walikwangua magugu na chaza, wakakalafati nyufa kwa pamba, wakapaka deheni chini na sifa ya papa juu. Hawakungoja jahazi livuje ndipo walitazame. Nahodha aliyesema "jahazi linaloelea haliguswi" asingepata baharia wa kumfuata. Basi tusiambiwe kwamba Mwafrika hana desturi ya kutunza chombo. Desturi tulikuwa nayo. Tuliponunua chombo cha magurudumu ndipo tukaiacha bandarini.

Hoja ya mwisho ya mpinzani wangu ni fedha. Asema mafundi ni ghali, na vipuri vya magari hayo ni adimu. Juu ya vipuri namkubalia kidogo: mpira wa breki wa gari la mwaka 1962 hauko katika kila duka, na huenda ukaagizwa ng'ambo ukangojwa miezi. Ila hiyo ni sababu ya kuanza mapema, si sababu ya kutoanza. Juu ya fedha simkubalii. Kopo la nta na kopo la mafuta ya breki huuzwa katika duka lilelile, aghalabu kwenye rafu ileile. Mkono wake hufika kwenye moja ukaliruka lingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mjomba wangu alijenga ukuta kwa kuuza ng'ombe wawili.

Nakiri kwamba wako mafundi waongo. Wako watiao sahihi katika daftari kwamba wamepiga grisi, na kumbe vichuchu vimefunikwa kwa tope la mwaka jana. Lakini fundi wa namna hiyo hustawi kwa mwenye gari anayeketi hotelini akinywa chai mpaka aitwe. Simama pale. Shika tochi. Uliza jina la kila kitu kinachofunguliwa. Gari la kale ni mwalimu mwema kwa kijana wa kiume au wa kike, kwa sababu ukiinua boneti yake waviona vyote, na kila kimoja chafanya kazi moja inayoelezeka.

Wale wanaodhani kwamba utunzaji ni kazi ya wanyonge wasiokuwa na uwezo wa kununua gari jipya wakumbuke Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Mwaka 1965 alishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki pamoja na ndugu yake Jaswant, na gari lao Volvo halikuwa jipya: lilikwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa shujaa. Na mwaka 1968, mvua zilipogeuza njia zote kuwa matope, magari zaidi ya tisini yaliondoka na saba tu yakarudi. Lililotangulia lilikuwa Peugeot 404, gari la aina ileile ya mjomba wangu. Kwa hiyo nisisikie tena kwamba 404 haiwezi mvua.

Gari la mjomba lilitengenezwa, na bado lipo. Siku hizi liko mikononi mwa binamu yangu, binti yake wa pili, ambaye rangi yake hajaipaka nta tangu alipolirithi, hata limepauka kidogo juu ya boneti. Jumamosi ya mwisho ya Februari na Jumamosi ya mwisho ya Septemba hulala chini yake na spana, na mafuta ya breki huyamwaga yote na kutia mapya mwaka mmoja kwa mmoja usiofuata, ajapokuwa hajalitembeza mbali. Yote huyaandika katika daftari la shule linalokaa chini ya kiti: tarehe, maili, kilichofunguliwa, kilichobadilishwa. Mkazamjomba, ambaye sasa ni mzee, hupanda gari hilo kwenda kanisani. Kabla ya kuingia hunyosha mkono wa kushoto aletewe daftari, huvaa miwani, husoma ukurasa wa mwisho, ndipo afunguliwe mlango.